Gari limechemsha

Ukipita Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ambayo wazee bado huiita Grogan, utasikia fundi akisema: "Hii imechemsha." Mwalimu wa sarufi angedai "limechemka". Mimi namuunga mkono fundi. Kuchemka ni kwa maji. Kuchemsha ni kitendo cha anayeyatia moto, na hapa anayeyatia moto ni injini yenyewe. Kinachoachwa ni yambwa tu, maji, kwa kuwa kila mtu anauona mvuke ukitoka chini ya boneti.

Chanzo mara nyingi ni themostati: kikombe kidogo cha shaba chenye nta ndani na springi juu. Injini ikifika nyuzi 82 hivi, nta hutanuka, mlango hufunguka, maji huenda kwenye rejeta. Ikizeeka ikakwama imefungwa, gari la zamani halimalizi mlima wa Kangemi kwenye foleni ya jioni. Ukilazimisha, hedi inapinda na gasketi "inaungua", neno jingine la fundi lililo sahihi kabisa: ukifungua hedi utaona weusi mahali moto ulipopenya kati ya silinda mbili.

Lipo neno moja nisilolikubali: "itoe tu". Wengi huondoa themostati wakidai ni ya nchi za baridi. Si kweli. Bila hiyo, injini huchelewa kupata joto lake, hunywa mafuta zaidi na kuchakaa mapema. Mwambie fundi wako aweke mpya, na gasketi yake mpya.