Nyekundu ya Manyema, nyeupe ya posti

Msafiri Mwingereza Verney Lovett Cameron alipoingia nchi ya Manyema, mashariki ya Kongo ya leo, mwaka 1874, akitokea Ujiji, kilichomshangaza mapema ni kuta. Nyumba alizozoea kuziona njiani hazikuwa hivi. Hapa zilisimama safu ndefu kando ya mtaa, mapaa yameinama, kuta nyekundu za kung'aa. Aliona kama ameingia ghafla kwa watu wengine kabisa.

Livingstone alikuwa amemtangulia. Alifika Kabambare, ambayo yeye aliiandika Bambarre, mwezi Septemba 1869, na mwaka uliofuata vidonda vya miguu vikamkwamisha hapo miezi mingi. Mtu mwenye vidonda hana pa kwenda, hukaa akatazama. Akaandika kwamba nyumba ni za pembe nne, zimepangwa mstari, mabaraza ya kukutania yako kwenye ncha za mtaa, na mitaa mingi imelazwa mashariki kwa magharibi ili jua liifuate na kukausha unyevu upesi. Katika nchi ya mvua na msitu, hiyo ni hesabu ya watu waliokwisha kuchoshwa na matope.

Mstari haujinyooshi wenyewe. Lazima palikuwa na mtu wa kumwambia mwenzake: wewe jenga hapa, mlango uutazamishe kule, usitokeze ukuta njiani. Leo katika mitaa mingi ya Marekani kazi hiyo hufanywa na vyama vya wenye nyumba, vyenye kamati, orodha ya rangi zinazoruhusiwa na faini kwa anayepaka zambarau bila kibali. Kabambare ya 1870 haikuwa na orodha. Rangi ilikuwa chini ya miguu.

Nyumba ya udongo hupakwa kwa awamu. Kwanza miti husimamishwa, fito hufungwa, kisha tope zito lililokanyagwa hujazwa kwa mikono mpaka alama za vidole zionekane. Huachwa likauke, nalo likikauka hupasuka. Ndipo huja tope la pili la kuziba nyufa, na mwisho udongo laini uliochekechwa, mwembamba kama uji, unaopakwa kwa kiganja na kusuguliwa hadi uteleze. Wekundu wa shimo ndio wekundu wa ukuta. Aliyetaka kung'arisha mwili alikuwa na mzingifuri, ambao mbegu zake Wamanyema walizitumia kutia rangi nguo zao na kupamba nyuso na vichwa. Livingstone alizijua vizuri mbegu hizo: wino wake ulipokwisha mwaka 1871, alikamua rangi yake akaandikia kumbukumbu zake juu ya karatasi za magazeti makuukuu.

Kisha wakaja Waungwana kutoka pwani, na macho yaliyozoea nyeupe. Unguja na Lamu ukuta wa mtu mwenye uwezo ni wa chokaa, na chokaa hutokana na matumbawe yaliyochomwa tanuruni. Lakini Kasongo, mji wao huko Manyema, iko zaidi ya kilomita elfu moja kutoka baharini. Tumbawe halipo hata la dawa. Kilichopatikana bara ni pemba, udongo mweupe ambao watu wa mashariki ya Kongo waliutumia katika matambiko kabla ya mgeni yeyote.

Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa kutoka pwani, aliifanya Kasongo makao yake makuu katika miaka ya 1870, na baadaye mwanawe Sefu akakaa hapo kama mtawala. Majeshi ya Wabelgiji chini ya Dhanis yaliuteka mji jirani wa Nyangwe Machi 1893, na Aprili 22 yakaingia Kasongo. Daktari wao Mwingereza, Sidney Hinde, akajichukulia chumba chenye urefu wa futi 80 na upana wa futi 15, mlango wake ukifungukia bustani ya michungwa. Aliandika kwamba askari wa kawaida walilalia magodoro ya hariri, kwenye vitanda vya nakshi vyenye vyandarua. Mshindi huhesabu vya ndani kwanza. Wala tusisahau kwamba fahari hiyo ilijengwa kwa pembe za ndovu na kwa migongo ya watumwa, na kwamba wengi waliokanyaga tope la kuta zile hawakuwa na haki ya kulala nyuma yake.

Mji wenyewe ulihama. Wabelgiji waliihamishia Kasongo mahali pengine, na ule wa zamani ukabaki na jina la Tongoni, yaani mahameni. Ukuta wa udongo ukikosa paa hauhitaji wa kuubomoa. Misimu michache ya mvua hutosha kuurudisha shimoni ulikotoka.

Utawala mpya ulijiona kama ndio ulioleta mstari ulionyooka. Vijiji vilisogezwa kando ya barabara, nyumba zikapangwa mbili mbili zikitazamana, na ofisa alipopita alikagua choo, shimo la taka na ulinganifu wa safu. Amri ya Desemba 5, 1933 iliweka kazi za lazima vijijini, usafi wa kijiji ukiwa miongoni mwake pamoja na mashamba kama ya pamba, hadi siku 60 kwa mwaka. Wakati wa vita, mwaka 1942, zikawa 120. Wazee ambao babu zao walimwonyesha Livingstone mitaa iliyonyooka sasa walifundishwa kunyoosha mitaa, tena kwa vitisho vya kifungo.

Nyeupe nayo ikapata mwenyewe mwingine. Haikuwa tena ya muungwana bali ya posti, yaani kituo cha serikali, ya misheni, ya nyumba ya kulaza wasafiri wa serikali. Ila kuna jambo dogo la kuchekesha: kibaraza cha mbele ambacho mtawala aliketi jioni kukitazama kijiji chake, kwa Kifaransa cha Wabelgiji wa Kongo kiliitwa barza. Neno hilo ni baraza, na walilikuta kwa Waswahili.

Wamanyema waliohamia ng'ambo ya Ziwa Tanganyika walikutana na kanuni kali zaidi. Dar es Salaam, amri ya Kijerumani ya majengo ya 1914 iliugawa mji kanda tatu kwa kuangalia namna ya ujenzi, na nyumba za udongo zikasukumwa kanda ya tatu. Haikutaja kabila kwa kila mlango. Ukuta ulitosha kusema. Upande huo ndiko ilikokuja kukua Kariakoo, na mjini humo jina la Manyema lingali kwenye msikiti. Tabia hii haijafa pwani: mwaka 2018 serikali ya kaunti ya Mombasa iliwaagiza wenye majengo katikati ya mji wapake nyeupe na kuyapamba kwa bluu, kwa gharama zao.

Kasongo na Kabambare hazina kamati ya rangi. Kuna chifu, kuna mkubwa wa mtaa, na juu yao kuna sheria ya ardhi ya Julai 20, 1973 inayosema udongo wote ni mali ya dola. Mwenye parseli ana haki ya kuutumia na nyumba aliyoisimamisha juu yake. Rangi ya kopo husafiri mbali na bei yake husafiri nayo, kwa hiyo wengi hupaka mbele tu, upande unaotazama njia, na ubavuni huacha udongo wenyewe.

Na mbele napo hupakwa kwa akili. Matone ya paa yakianguka hurusha tope jekundu ukutani, hadi usawa wa goti. Kwa hiyo nyeupe huanzia juu ya goti. Chini yake fundi hupitisha mkanda mweusi, au wa udongo ule ule mwekundu, na msimu wa mvua ukifika haijulikani tena mkanda unaishia wapi na tope linaanzia wapi.