Tope Lililogandishwa

Bandari isipochimbwa kina, mchanga na matope huziba njia ya meli. Ikichimbwa, yanabaki malundo ya tope jepesi kama uji, na mtu hawezi kusimama juu yake. Japani waliligeuza kuwa ardhi. Uwanja wa ndege wa Chubu Centrair, uliofunguliwa 2005 kwenye kisiwa cha kutengenezwa katika Ghuba ya Ise, ulijazwa kwa sehemu na tope la Bandari ya Nagoya. Tope hilo lilichanganyika na saruji ndani ya bomba, likisukumwa na hewa ya kompresa.

Mchanganyiko huo nauita tope lililogandishwa. Wengine wangependa "lililoshindiliwa", lakini kushindilia ni kazi ya rola: chembe husogezwa karibu na hewa hutolewa. Hapa hakuna rola. Saruji hukutana na maji, na mazao ya kemia yao huzishika chembe zikiwa palepale zilipo. Maji mengi hayatoki. Mara nyingine uzito wa maji hayo huupita ule wa udongo mkavu, na bado tope limesimama.

Ugumu wake usitudanganye. Kwa kujaza ardhi, nguvu ya mgandamizo ya kilopaskali 100 hadi 200 huweza kutosha, ilhali zege la kawaida la jengo hufika megapaskali 20, yaani mara 100 au zaidi. Tena tope hili lina hulka ya kukatika ghafla. Sampuli isiyobanwa pembeni hupasuka ikifupika kwa takriban asilimia 1 au 2 tu, wakati udongo laini hubonyea sana bila kuonyesha ufa. Likibanwa pande zote chini ya ardhi hutulia zaidi, na hata likipasuka hubaki na nguvu kiasi. Lina pia kikomo cha mzigo: chini yake hudidimia kidogo mno, ukikipita, vishikizo vya saruji huvunjika na ardhi huzama kwa kasi.

Maji yakiongezeka kulinganisha na saruji, nguvu hushuka. Mabaki ya mimea yaliyooza nayo huichelewesha saruji kushika, ndiyo maana tope la bandari mbili haliwezi kupewa kipimo kimoja.

Basi anayeandaa zabuni asiishie kuandika "udongo mgumu". Ataje uwiano wa maji na saruji, nguvu inayotakiwa siku ya 28, na mzigo ambao ardhi hiyo haitavishwa kamwe.