Kinga ya mwili kabla ya msimu wa mafua, Ihembe

Ihembe ni kata ya Wilaya ya Karagwe, mkoani Kagera, katika nchi ya vilima iliyo kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Kyerwa, iliyo jirani, ilikuwa sehemu ya Karagwe hadi ilipofanywa wilaya mwaka 2012. Wenyeji wengi wa huku ni Wanyambo, wakulima wa ndizi, kahawa na maharage. Mvua huanza Septemba na tena Machi. Kati ya Juni na Agosti ni kiangazi, mchana vumbi, usiku baridi. Makala haya yanaeleza jinsi kaya za maeneo haya zinavyoweza kuujenga mwili kabla mafua hayajapamba moto.

Karibu na ikweta virusi vya mafua na vya homa ya mafua havina likizo kama ilivyo Ulaya, ambako hupanda wakati wa baridi na kupungua joto likirudi. Huku huzunguka mwaka mzima, na hupata nafasi nzuri zaidi pale mvua inapowafungia watu ndani, madirisha yakafungwa na watoto wakabanana kwenye dawati moja. Kwa hiyo wakati wa kujiandaa ni kiangazi. Ndipo pia kahawa inapovunwa na kuuzwa, na kaya nyingi hupata fedha ambazo hazitaonekana tena hadi mwaka unaofuata. Blanketi la mtoto, sabuni, dagaa na bati la jiko hununuliwa wakati huo au havinunuliwi kabisa.

Chakula

Kagera ina chakula kingi, na bado watoto wake wengi wamedumaa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 uliuweka mkoa huu miongoni mwa ile yenye udumavu mkubwa nchini, zaidi ya watoto 40 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano. Tatizo ni sahani yenye kitu kimoja. Ndizi hushibisha na zina potasiamu, lakini protini yake ni haba, na vivyo hivyo madini ya zinki na chuma. Seli nyeupe za damu, zinazopambana na virusi, hutengenezwa kwa vitu hivyohivyo, pamoja na vitamini A inayotunza utando wa pua na koo. Mtoto anayekula ndizi tupu asubuhi na jioni huingia msimu wa mafua akiwa ameshibishwa lakini hajalindwa.

Dawa ya jambo hili iko shambani. Maharage yaliyopikwa pamoja na ndizi, kama ilivyo desturi, ni nusu ya kazi; ukiongeza mchicha au majani ya maboga, kipande cha parachichi na papai, sufuria hiyo imekamilika kuliko vidonge vingi vya dukani. Viazi vitamu vya rangi ya chungwa vina vitamini A, na vinastahili nafasi kubwa zaidi shambani kuliko ile vinayopewa na wengi. Senene, ambao msimu wao mkubwa ni Novemba, wana protini zaidi ya theluthi ya uzito wao wakikaushwa. Ni jambo la kusikitisha kuona ndoo nzima ya senene ikiuzwa ili kununua soda na biskuti za watoto.

Kwa mtoto mchanga hesabu ni fupi: maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita, bila maji wala uji mwepesi, kisha chakula cha kulikiza huku akiendelea kunyonya. Hili linahitaji mama apunguziwe jembe na ndoo ya maji, na hapo wajibu ni wa baba na wa nyumba nzima.

Moshi

Katika tabia zote, mwandishi wa makala haya anaweka jiko mbele, kwa kuwa ndilo linalosahauliwa. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba moshi wa ndani ya nyumba unakaribia kuongeza maradufu hatari ya nimonia kwa mtoto. Moshi huharibu vinyweleo laini vinavyosukuma kamasi na vijidudu kutoka kifuani. Mafua ya kawaida yakifika hapo hushuka mapafuni bila kizuizi. Mafiga matatu ndani ya chumba kisicho na tundu la hewa, na mtoto mgongoni mwa mama, ndiyo hali ya nyumba nyingi.

Serikali ilizindua Mei 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia unaolenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Hapa Karagwe, shirika la MAVUNO lilishirikiana na wahandisi kutoka Ujerumani kutafuta namna ya kupata biogesi kutokana na mabaki ya migomba. Wakati hayo yakisubiriwa, zipo hatua zisizo na gharama kubwa: kukausha kuni mwezi mzima kabla ya mvua, kutoboa dirisha juu ya jiko, kupika nje wakati wa kiangazi, na kumwacha mtoto kwa bibi yake moto unapowashwa.

Mikono, mrija na usingizi

Kunawa mikono kwa sabuni hupunguza maradhi ya njia ya hewa kwa takriban asilimia 16 hadi 21. Kagera ililipokea somo hili kwa uchungu Machi 2023, ugonjwa wa Marburg ulipozuka Bukoba Vijijini na kuua watu sita, na tena Januari 2025 ulipothibitishwa Biharamulo. Marburg si mafua, wala hausambai kwa namna ileile, lakini tabia ya kunawa inafaa kwa yote mawili. Kibuyu chirizi kinatosha pale bomba halijafika. Sabuni ikikosekana, majivu hutumika.

Kupokezana mrija mmoja kwenye kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi, ni ishara ya udugu. Wakati wa mafua, kila mtu na awe na mrija wake, udugu haupungui. Pombe kali ya kila siku, gongo hasa, hudhoofisha ulinzi wa mapafu.

Usingizi nao hudharauliwa. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani, wakiongozwa na Sheldon Cohen, waliwatia watu 153 virusi vya mafua puani. Waliokuwa wakilala chini ya saa saba waliugua karibu mara tatu zaidi ya waliolala nane au zaidi. Chandarua kinasaidia hapa pia, kwani malaria huumalizia mwili nguvu ambazo ungezihitaji baadaye.

Chanjo na dawa

Chanjo ya homa ya mafua haimo katika ratiba ya kawaida ya watoto nchini. Zilizomo zinazuia hatari inayofuata mafua: chanjo ya nimokoka, iliyoanza mwanzoni mwa 2013, hutolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na ile ya surua hukamilisha kazi. Matone ya vitamini A hutolewa mara mbili kwa mwaka.

Kagera inaijua kinga kwa historia ngumu: wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani humu mwaka 1983. Kwa anayeishi na VVU, hakuna mlo wala mti unaochukua nafasi ya ARV, zilizoanza kutolewa bure mwaka 2004.

Tangawizi, ndimu na asali hutuliza koo. Omubirizi, mti mchungu unaoheshimika sana, na kujifukiza havijathibitishwa kuzuia mafua, na sufuria ya mvuke imewaunguza watoto. Vitamini C haiwazuii watu wa kawaida wasipate mafua, ingawa ikitumiwa kila siku hufupisha kidogo siku za kuugua. Amoksisilini inayonunuliwa duka la dawa kwa ajili ya mafua haiui virusi hata kimoja.

Mtoto wa miezi 2 hadi 11 anayepumua mara 50 au zaidi kwa dakika, au mara 40 akiwa na mwaka mmoja hadi mitano, huenda ana nimonia. Apelekwe zahanati siku hiyohiyo. Akibonyea kifua chini ya mbavu anapovuta pumzi, au akishindwa kunyonya, apelekwe hospitali: Nyakahanga kwa watu wa Karagwe, Isingiro kwa watu wa Kyerwa.