Mkono Uliochora Merikebu za Ngome ya Yesu

Miongoni mwa vitu vinavyohifadhiwa katika Ngome ya Yesu, Mombasa, mna kipande cha ukuta kilichochorwa merikebu za matanga, watu na samaki, kwa weusi wa mkaa na udongo mwekundu. Kilifunuliwa katika buruji la Mtakatifu Mateo wakati wa uchimbaji ulioanza 1958 chini ya James Kirkman. Michoro hiyo haina sahihi wala tarehe. Hata hivyo imezoeleka kuitwa michoro ya Kireno, na mchoraji hudhaniwa kuwa askari au baharia aliyekuwa akipitisha saa za zamu.

Hoja ya kumpa Mreno kazi hiyo ina uzito. Ngome ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593, michoro inawekwa katika karne ya 17, na vyombo vyenyewe si mitepe. Lakini hayo yanathibitisha mahali na zama tu. Mkono wenyewe hayauthibitishi. Mkazi yeyote wa Mombasa aliziona merikebu hizo bandarini, na kuchora chombo cha mgeni hakumfanyi mchoraji kuwa mgeni. Isitoshe, vyombo vilivyokwaruzwa katika kuta za kale za pwani, ambavyo Peter na Margaret Garlake waliviandikia makala mwaka 1964, vinaonyesha kwamba desturi hiyo haikuwa ya Wareno peke yao.

Wala ngome haikukaliwa na Wareno watupu. Tarehe 16 Agosti 1631 iliangukia mikononi mwa Sultani Yusuf bin Hasan, aliyelelewa Goa na kubatizwa Dom Jerónimo Chingulia. Mwaka uliofuata akaondoka kwa merikebu aliyoiteka kwa Wareno hao hao. Hadaiwi hapa kuwa ndiye mchoraji, ingawa ni vigumu kumpata mtu aliyezijua pande zote mbili kuliko yeye. Tena mwaka 1697, wakati wa mazingira ya Waomani, Wareno waliokuwamo walipokwisha kufa, ngome ililindwa kwa muda na Bwana Daud wa Faza na watu wake. Kwa hiyo neno "Kireno" linazistahili merikebu. Kumbandika nalo mchoraji ni kuvuka mpaka wa ushahidi.

Lugha nayo ina hila yake. Wapo wanaoziita merikebu hizo manowari. Neno hilo, lenye asili ya Kiingereza, limeenea hata bara, kwa Wazigua wa Handeni na Korogwe, ambao ndugu zao walimuunga mkono Bwana Heri wa Saadani pale manowari za Wadachi zilipoupiga mji wake mizinga mwaka 1889. Likitumiwa kwa michoro hii, humletea msomaji moshi na chuma vya karne ya 19. Merikebu, neno lililotoka katika Kiarabu na lililoizoea pwani zamani, linatosha.