‘Hitilafu ya umeme’ na historia ya kupima nyaya

Kila soko au bweni linapoteketea, msomaji wa magazeti yetu hungoja fungu moja la maneno: chanzo kinashukiwa kuwa hitilafu ya umeme. Neno hitilafu limetoka katika Kiarabu, ambako asili yake ni kutofautiana, kutokubaliana. Ukilifuata neno neno basi, umeme umekosana na mtu. Na nani? Taarifa haisemi. Fundi hayumo, mwenye jengo hayumo, mkaguzi hayumo.

Waliotunga kanuni za kwanza za nyaya hawakuwa na upole huo. Tarehe 21 Juni 1882, chama cha wahandisi wa telegrafu na umeme jijini London kilitoa kanuni za kuzuia moto unaoletwa na taa za umeme. Zilikuwa kurasa chache tu. Taa hizo ndizo kwanza zilikuwa zikiingia majumbani, na kampuni za bima zilikuwa zimeshaanza kuuliza maswali (pesa zao ndizo zingeungua). Kanuni zilitamka wazi kwamba hatari kuu hutokana na ujinga na uchanga wa wanaofunga mitambo. Kisha likaja jambo ninaloliona kuwa kiini cha historia hii yote: matatizo ya umeme yamo ndani na hayaonekani, kwa hiyo kinga yake ni kupima. Umeme unaovuja, ukinzani uliozidi, viungo vibaya; vyote huzaa joto, na joto lililo nyuma ya plasta halionekani kwa macho.

Hapa Kiswahili kimejaliwa vitenzi viwili vinavyofaa sana. Kukagua ni kazi ya macho: je, waya una unene unaostahili, soketi imekaa sawa, waya wa kupeleka umeme ardhini upo? Kupima ni kazi ya chombo. Kwanza unakagua stima ikiwa imezimwa, ndipo unapima. Chombo maarufu zaidi ni cha Mwingereza Sydney Evershed, ambacho jina lake, Megger, lilisajiliwa mwaka 1903. (Ukilitamka kwetu utadhani mtu anataka kumega ugali.) Kwa nyaya za nyumba ya kawaida, chombo hicho husukuma volti 500 kuona kama ganda la waya linavujisha. Kanuni za Uingereza za leo zinataka ukinzani usiopungua megaomu 1.

Kanuni hizo za Uingereza ndizo zilizotawala kazi ya nyaya hapa kwetu pia. Kampuni za umeme za Mombasa na Nairobi ziliungana mwaka 1922 zikawa East African Power and Lighting, na mafundi wakafuata vitabu vya London. Siku hizi tunayo Sheria ya Nishati ya 2019 na leseni za mafundi. Lakini lugha ya cheti imebaki Kiingereza, ilhali kazi yenyewe hufunzwa kwa Kiswahili, fundi akimwelekeza kijana juu ya ngazi. Matokeo yake ni neno kama shoti. Nyaya mbili zikigusana ni shoti. Mtu akirushwa na stima, naye kapigwa shoti. La kwanza hukata fyuzi, la pili huua mtu, na vipimo vyake ni tofauti.

Miaka kadhaa iliyopita nilionyeshwa cheti cha nyumba niliyotaka kupanga. Safu ya vipimo ilikuwa na tarakimu ileile kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Nikamwita fundi mwingine, mtu wa makamo, mwenye leseni yake mfukoni. Alikitazama kidogo tu, akaniambia, “Mwalimu, hizi namba hazikutoka kwa nyaya. Zimeandikwa mezani.” Nyaya mbili haziwezi kulingana hivyo, alieleza, urefu wake hautoshani. Akazima swichi kuu, akachomoa kila kitu, akaanza kupima. Vyumba vya kulala vilikuwa salama. Jikoni mshale haukufika hata nusu ya megaomu. Alifungua kisanduku kilichokuwa karibu na sinki, akatoa kiungo kilichofungwa kwa kipande cha karatasi ya nailoni, kikiwa na unyevu na kimeanza kuwa cheusi.