Mchungaji Asiyefika Mtoni: Robert Morley Jukwaani na katika Sinema

Katika historia ya sinema, mashujaa hutajwa kwanza, na waigizaji wa wahusika wa pembeni hufuata nyuma yao. Hata hivyo, mara nyingi ni hao wa nyuma wanaoifanya hadithi isadikike. Mfano mmoja ni Mwingereza Robert Morley, ambaye sehemu ndogo ya kazi yake inaigusa pia historia ya Kongo.

Morley alizaliwa Semley, katika jimbo la Wiltshire, tarehe 26 Mei 1908. Alijifunza uigizaji London, akaanza kazi ya jukwaa mwishoni mwa miaka ya 1920. Sifa zake zilienea mwaka 1936, alipomwigiza mwandishi Oscar Wilde katika tamthilia ya Leslie na Sewell Stokes. Mwaka 1938 aliicheza tena New York. Mwaka huohuo ilitoka filamu yake ya kwanza, Marie Antoinette, iliyotengenezwa Marekani. Humo alikuwa mfalme Louis XVI, akapendekezwa kupewa tuzo ya Oscar ya mwigizaji msaidizi.

Unene wake, mashavu mazito na sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa vilimpa umri asiokuwa nao. Katika Major Barbara (1941), iliyotokana na tamthilia ya Bernard Shaw, alikuwa baba wa Wendy Hiller, ilhali alimzidi miaka 4 tu. Wala hakungoja kuandikiwa kila kitu: pamoja na Noel Langley alitunga Edward, My Son (1947), akacheza mwenyewe baba anayetenda maovu kwa kisingizio cha kumpenda mwanawe.

Mwaka 1951 John Huston alitengeneza The African Queen, hadithi ya Vita Kuu ya Kwanza katika Afrika Mashariki ya Wadachi. Sehemu kubwa ya picha za nje zilipigwa Uganda na Kongo ya Wabelgiji, kwenye mto Ruiki unaomwaga maji yake katika Lualaba, karibu na Ubundu, iliyoitwa wakati ule Ponthierville. Morley alikuwa Mchungaji Samuel Sayer, mmisionari anayeona kijiji kikichomwa na askari, akarukwa na akili, akafa. Lakini hakusafiri. Sehemu zake zilipigwa katika studio karibu na London, kisha zikaunganishwa na picha za Afrika.

Hapa ndipo penye fundisho. Uchungu wa mchungaji huyo unasadikika kwa sababu mwigizaji aliujua ufundi wake, mahali hapakumsaidia. Kwa upande mwingine, wenyeji wa Ruiki, waliojenga kambi ya wasanii na kubeba mizigo yao, walikuwapo mtoni kweli, lakini majina yao hayamo katika orodha ya filamu. Asiyefika anakumbukwa, waliofika wamesahauliwa. Kosa hilo si la Morley, bali ni la desturi ya sinema ya wakati wa ukoloni, iliyoichukua Afrika kama mandhari tu.

Morley alipewa nishani ya CBE mwaka 1957, na mwaka 1975 akakataa cheo cha Sir. Alifariki tarehe 3 Juni 1992. Anayeitazama filamu hiyo leo, hasa katika nchi za Lualaba, ana kazi mbili: kuustahi ufundi wa mwigizaji, na kuuliza ni nani waliokuwa ukingoni.