Mchina ni nani?

Ukitaja "Mchina" huku kwetu Kimulot, wengi humwazia mkandarasi wa barabara. Neno hilo limebeba zaidi ya hapo. Sheria ya uraia ya China ya mwaka 1980 haitambui uraia pacha: Mchina anayeishi ng'ambo akichukua kwa hiari uraia wa kwingine, hupoteza ule wa kwao. Asili yake, hata hivyo, haifutwi. Kichina chenyewe humwita raia aishiye nje *huaqiao*, na mwenye asili ya huko, hata akiwa raia wa Singapore, *huaren*. Sisi tunawatia wote kapu moja.

Chukua mfano wa Mwamaka Sharifu wa Siyu, kisiwani Pate, aliyepata ufadhili wa kusoma China mwaka 2005, kwa kuwa familia yake hujihesabu kizazi cha mabaharia wa Kichina ambao meli yao ilizama huko karne ya 15. Kwa pasipoti ni Mkenya. Kwa simulizi za ukoo, ni Mchina pia, na hayo mawili hayapingani.

 

Kwa hiyo, wahariri, mkimaanisha pasipoti andikeni "raia wa China". Mkimaanisha ukoo, "mwenye asili ya Kichina". Na msipojua ni lipi, mwulizeni mwenyewe kabla gazeti halijachapwa.